Nyumba inashuka upande mmoja: maswali ya watu wa Bukavu kuhusu kuongeza msingi chini ya msingi

Kila mwaka mvua za Septemba zikianza, simu nazo zinaanza. Mtu ameamka asubuhi, mlango wa chumba cha watoto umegoma kufunga, na ule ufa aliouziba kiangazi umefunguka tena palepale. Maswali yaliyo hapa chini tumeulizwa sisi mafundi na watu wa Kadutu, Ibanda na Bagira, komuni za mji wetu, waliotuita tukaangalie nyumba zao. Tumeyajibu kama tunavyoyajibu tukiwa tumesimama kwenye parseli, yaani kiwanja cha mtu, mkono ukutani.

Nitajuaje kama ufa wangu unatoka kwenye msingi au ni wa plasta tu?

Angalia umbo lake kwanza, upana baadaye. Ufa wa plasta hutanda kama utando wa buibui, mwembamba, hauelekei popote. Ukiibandua plasta unakuta tofali zima. Ufa wa msingi una safari yake: hutoka kwenye kona ya dirisha au mlango, hupanda mshazari ukifuata viungo vya matofali kama ngazi, na unaonekana ndani na nje mahali pamoja. Kona ya nyumba ikiwa ndiyo inayoshuka, ufa huwa mpana juu na mwembamba chini. Ikiwa katikati ya ukuta ndiko kunakozama, huwa kinyume chake.

Kisha chukua rula. Chini ya milimita 1, lala usingizi. Kati ya milimita 1 na 5, anza kuupima. Kati ya 5 na 15, milango na madirisha huanza kukwama, na hapo mwite mtu anayeijua kazi. Zaidi ya 15 ukuta unahitaji kushikiliwa kabla ya jambo lingine lolote. Ukipita 25, hamisha vitanda vya watoto leo hii, maswali mengine yatafuata.

Nina ufa mkubwa. Kwa nini hukubali kuanza kazi wiki hii?

Kwa sababu ukubwa wa ufa unaonyesha yaliyopita. Hauonyeshi yanayoendelea. Tumeona nyumba za zamani Nguba zenye nyufa zinazoingiza kidole, na nyumba imetulia tangu wenyewe wakiwa wadogo. Nyumba kama hiyo haihitaji nguzo za betoni chini ya msingi wake. Inahitaji kuzibwa vizuri na kupakwa rangi. Na tumeona ufa mwembamba wa milimita 3 ambao miezi minne nyuma haukuwapo.

Kwa hiyo tunapima kwanza. Bandua plasta kidogo upande huu na upande huu wa ufa, kwenye tofali lenyewe, kisha bandika kipande cha kioo kikivuka ufa, kila upande kikishikwa na udongo wa simenti. Andika tarehe kando yake. Kioo hakinyumbuki: nyumba ikisogea kidogo tu, kinapasuka. Asiye na kioo achore alama mbili za penseli, moja kila upande, apime umbali kati yake kila tarehe 1 ya mwezi na kuandika kwenye daftari.

Kwa sakafu na msingi tunatumia bomba jembamba la plastiki linaloonyesha maji ndani, mita 15 hivi. Lijaze, hakikisha hakuna povu la hewa, ncha moja ishike kwenye kona inayoonekana nzima, ya pili izungushe kwenye kona nyingine. Maji hayadanganyi. Mstari wa matofali uliolazwa sawa siku ya ujenzi utakuonyesha kona ipi imeshuka na kwa sentimita ngapi. Rudia baada ya miezi mitatu.

Ukiweza, pima kuanzia kiangazi mpaka mvua zimalizike. Tunajua inauma kungoja.

Kwa nini nyumba zetu hushuka upande wa bonde?

Hapa tutakaa kidogo, maana nyumba nyingi tulizotengeneza Bukavu zilikuwa na ugonjwa huu.

Mji wetu ni vilima vinavyoteremka mpaka ziwani. Parseli tambarare ni bahati. Kwa hiyo mtu akinunua parseli ya mteremko, anakata mlima upande wa juu, na udongo aliokata anautupa upande wa chini mpaka apate uwanja wa kusimamisha nyumba. Jioni ya siku ile uwanja unapendeza. Lakini nusu ya nyumba itakaa juu ya udongo wa asili ambao mlima umeukandamiza tangu enzi, na nusu ya pili itakaa juu ya remble, yaani udongo wa kujazia, iliyotupwa kwa koleo juzi. Nusu ya kwanza haiendi popote. Nusu ya pili itaendelea kujibana kwa uzito wake na kwa maji, miaka mitano, kumi. Ukuta unaounganisha nusu hizo mbili ndio unaopasuka.

Mwaka mmoja tulichimba shimo la majaribio kwenye kona ya nyumba moja Cimpunda. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, alisimama juu akitazama. Sentimita 60 za kwanza ulikuwa udongo mwekundu mzuri, akasema, "Fundi, unaona, msingi wangu umekaa juu ya udongo mgumu." Tukaendelea. Kwenye mita 1 udongo ukawa mweusi, laini, wenye vipande vya mkaa. Kwenye mita 1 na sentimita 40 koleo lilitoa kandambili ya plastiki, ya mguu wa kushoto, na vifuniko vya chupa. Yule mama alinyamaza. Msingi wake ulikuwa umekaa juu ya jalala la mtu aliyekuwa na parseli ile kabla yake, lililofunikwa kwa udongo mwekundu. Udongo wa kweli tuliukuta kwenye mita 2 na sentimita 10: koleo likikata, linatoa kipande kinachong'aa kama sabuni iliyokatwa kwa kisu, na kidole gumba ukikibonyeza kwa nguvu kinaacha alama ndogo tu. Huo ndio udongo wa kubeba nyumba.

Ndiyo maana hatumpi mtu bei kabla ya kuchimba shimo. Juu ya ardhi mteremko wote ni mwekundu.

Nyumba yangu haina maji karibu. Maji yanaingiaje kwenye habari hii?

Paa lako lina maji. Chukua nyumba ya kawaida yenye paa la mita za mraba 80. Mvua moja nzito ya alasiri ikileta milimita 30, paa hilo limekusanya lita 2,400, sawa na mapipa 12 ya lita 200. Bila gutiere, yaani mfereji wa kukinga maji ya paa, mapipa hayo yote yanamwagika kwenye mstari mwembamba chini ya mabati, sentimita 50 kutoka ukutani. Mvua ya kesho inaleta mengine. Hakuna remble inayostahimili hayo kwa miezi tisa ya mvua.

Sehemu nyingine za kutazama: shimo la choo lililochimbwa mita mbili kutoka ukutani, upande wa juu hasa. Bomba la maji linalovuja chini ya ardhi, ambalo utalijua kwa majani yanayobaki mabichi katikati ya Julai. Maji ya kuogea na kufulia yanayomwagwa nyuma ya jiko kila siku. Mtaro wa barabara uliojaa taka na kuamua kupita kwenye parseli yako. Na miti mikubwa: mkaratusi au mwavoka ulio karibu na nyumba hunyonya maji ya udongo wa mfinyanzi wakati wa kiangazi, udongo unasinyaa na kona inashuka. Mvua zikirudi, unavimba tena. Mti wa namna hiyo usiukate ghafla bila kushauriana, kwa sababu udongo wa mfinyanzi uliozoea kunyonywa huweza kuvimba na kuinua msingi.

Tumekuta nyumba zilizotulia zenyewe baada ya kuwekewa gutiere, mtaro wa simenti unaopeleka maji mbali, na choo kuhamishwa. Mmoja wa wenye nyumba hizo alikuwa tayari kuuza shamba lake la Kabare alipe nguzo. Kwa hiyo tunasema, na tutasema mpaka mchoke kutusikia: maji kwanza, msingi baadaye. Fundi akikuchimbia nguzo na kuacha maji yanaendelea kumwagika palepale, pesa yako umeizika.

Je, ufa wangu haukutoka kwenye lile tetemeko la ardhi la 2008?

Huenda ikawa. Tetemeko la Jumapili asubuhi, 3 Februari 2008, lenye ukubwa wa 5.9, liliacha alama kwenye nyumba nyingi za Bukavu. Tetemeko hutikisa ukuta kulia na kushoto, kwa hiyo nyufa zake mara nyingi hukatana kama herufi X, na huonekana siku ileile. Msingi unaoshuka hupasua kwa mshazari wa upande mmoja, polepole. Nyumba iliyo juu ya remble inaweza kupata vyote viwili: tetemeko linatikisa udongo uliolegea nao unajibana zaidi. Kumbukumbu yako ndiyo ushahidi hapa. Ufa uliuona lini mara ya kwanza?

Tunaishi Funu. Nguzo zitatusaidia?

Tungependa kuwajibu vinginevyo, lakini jibu letu ni hapana.

Kuna nyumba inayoshuka juu ya mlima uliotulia, na kuna mlima unaotembea na nyumba zake. Funu mteremko wenyewe unasogea, na watafiti wameufuatilia kwa picha zilizopigwa toka angani kwa miaka mingi. Sehemu inayosogea ni nene kuliko shimo lolote ambalo fundi anaweza kuchimba. Nguzo ya mita 3 itatembea pamoja na udongo unaoizunguka, tena nyumba nzito ya betoni itapasuka zaidi kuliko nyumba nyepesi.

Dalili za mlima unaotembea: ufa upo kwenye ardhi yenyewe, unatoka kwenye parseli yako ukaingia kwa jirani na kuendelea. Miti imeinama. Ngazi za njia zimeachana na barabara. Mabomba yanakatika mahali palepale kila msimu. Ukuta wa uzio umepinda katikati. Ukiona hizo, weka pesa kwenye mitaro ya kuondoa maji pamoja na majirani, jenga kwa mbao, na kama una uwezo wa kupata parseli nyingine, ipate. Ardhi ikifunguka ghafla wakati wa mvua, au milango ya nyumba nyingi ikikwama usiku mmoja, toka na watu wako usingoje mchana.

Basi hiyo kazi ya kuongeza msingi chini ya msingi ni kitu gani hasa?

Ni kuipa nyumba miguu mirefu zaidi. Msingi wa zamani umeishia kwenye udongo laini. Tunachimba chini yake, vipande kwa vipande, mpaka tufike udongo mgumu, na kujaza betoni kutoka pale chini mpaka uvungu wa msingi wa zamani. Uzito wa ukuta unavuka ule udongo mbaya bila kuutegemea.

Inafanywaje, hatua kwa hatua?

Tuseme ukuta wa upande wa bonde una urefu wa mita 9. Tunaugawa vipande 9 vya mita 1, tunaviandika namba kwa chokaa ukutani ili kila mfanyakazi avione. Siku ya kwanza tunafungua kipande cha 1, cha 4 na cha 7 peke yake. Kati ya shimo na shimo kunabaki mita 2 za udongo zinazobeba nyumba. Hivyo vitatu vikimalizika kabisa na kukauka, tunafungua 3, 6 na 9. Mwisho 2, 5 na 8.

Fundi akikuambia "tuchimbe ukuta wote mara moja tumalize haraka", mshukuru na umsindikize mpaka barabarani. Mmoja wetu, alipokuwa kijana wa kubeba ndoo za betoni, aliona ukuta wa mita 7 uliochimbwa wote kwa siku moja. Jioni mvua ilinyesha. Ukuta ulikaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, na paa likaufuata. Watu walikuwa wameshatoka, Mungu asifiwe. Mwenye nyumba yule alianza upya kutoka ardhini.

Kabla ya kuchimba tunaondoa mizigo: magunia, matangi ya maji, kabati zito upande ule. Madirisha na milango iliyo juu ya mashimo tunayakaza kwa mbao ndani ya fremu. Ukuta ukiwa umeinama tunauegemeza kwa miti imara.

Shimo linachimbwa nje ya ukuta kwanza, kisha fundi anaingia kwa upande chini ya msingi. Likipita mita 1 na sentimita 20, kuta zake zinashikwa kwa mbao na miti ya kukingama. Hapa hatubishani na mtu. Udongo wa remble haupigi hodi unapoanguka. Na kama kuna choo karibu, mtu hashuki shimoni peke yake, kwa sababu ya ukuta wa choo na kwa sababu ya hewa mbaya.

Chini tukishafika udongo mgumu, tunasawazisha sakafu ya shimo na kuondoa kila kitu kilicholegea. Siku hiyohiyo betoni inamwagwa, maana shimo lililolala na mvua limekuwa matope. Uvungu wa msingi wa zamani tunausugua kwa brashi ya waya mpaka udongo wote utoke. Betoni yetu ni simenti 1, mchanga 2, kokoto 4. Ubavuni mwa kila kipande tunaacha mfuo au vipande vya vyuma vinavyochomoza, ili kipande kijacho kishikane nacho.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika. Betoni haimwagwi mpaka iguse msingi wa zamani. Tunaishia sentimita 5 hadi 7 chini yake. Betoni ikikauka husinyaa kidogo, na ukiwa umeijaza mpaka juu, nafasi nyembamba kama unywele itabaki, nyumba itashuka kwa kiasi hicho, ufa utafunguka, nawe utasema nguzo hazikufaa. Kesho yake tunajaza ile nafasi kwa simenti 1 na mchanga 3 usio na udongo, maji kidogo sana. Ukiushika mkononi na kuufinya unabaki donge, na kiganja hakitoi maji. Tunaupiga ndani kwa kipande cha mbao na nyundo, tabaka kwa tabaka, kutoka nyuma kuja mbele, mpaka nyundo ibadilishe sauti. Mwanzo inalia pu, pu. Ukishashiba inalia kama unapiga jiwe. Fundi mzuri anasikiliza sauti hiyo.

Baada ya kushindilia, sisi hungoja siku 4 kabla ya kufungua shimo la jirani. Ukuta wa mita 9 kwa mwendo huo ni kazi ya wiki tatu, mvua isipoingilia. Wenye nyumba wengi wanalalamika kwamba mafundi wanakaa tu. Tunakaa kwa sababu betoni inafanya kazi.

Msingi wangu ni wa moelo, yale mawe ya kujengea. Hilo linabadilisha kitu?

Linabadilisha sana. Msingi wa betoni yenye vyuma unaweza kujibeba juu ya shimo la mita 1. Msingi wa mawe ya moelo, hasa uliojengwa kwa udongo au kwa simenti ya kubania, hauwezi: ukitoa udongo chini yake, mawe yanaanza kudondoka moja moja. Kwa msingi wa namna hiyo tunapunguza vipande viwe sentimita 60 au 70, tunafungua mashimo mawili tu kwa wakati mmoja, na jiwe linalotikisika tunalikaza kwa simenti kabla ya kwenda ndani zaidi. Msingi ukiwa mbovu mno, tunatengeneza kwanza mkanda wa betoni yenye vyuma kando ya msingi, ulioshikana nao, halafu ndipo tunachimba. Kazi inakuwa ndefu zaidi. Usikubali bei ya mtu ambaye hajauona msingi wako ni wa nini.

Simenti ngapi?

Shimo la urefu wa mita 1, upana wa sentimita 60, na betoni yenye kimo cha mita 1.5 ni karibu mita za ujazo 0.9. Kwa mchanganyiko tuliotaja, ni mifuko 6 hivi ya kilo 50. Ukuta wetu wa vipande 9 utakula mifuko kama 54, na michache ya kushindilia juu yake. Ongeza mchanga, kokoto, mbao za kushika mashimo, na watu wa kuchimba, ambao ndio gharama wanayoisahau wengi: udongo wote huo unatoka kwa mkono na lazima upelekwe mahali. Usiutupe kwa jirani wa chini. Utakuwa umempa ugonjwa wako.

Kwenye simu nimeona Wamarekani wanatumia nguzo za chuma zinazosukumwa na mashine. Kwa nini tusifanye hivyo?

Ni kazi nzuri mahali pake. Kuna aina mbili. Ya kwanza ni mabomba ya chuma yanayosukumwa ardhini kwa jeki ya mafuta iliyofungwa kwenye msingi. Jeki inasukuma chini kwa kuegemea uzito wa nyumba yenyewe, bomba linafuatiwa na bomba mpaka linagoma kwenye udongo mgumu au mwamba. Ya pili ni vyuma vyenye mabawa kama parafujo, vinavyozungushwa na mashine mpaka vinapokaza. Huwekwa umbali wa mita 2 hivi kati ya kimoja na kingine, na faida yake ni kwamba nyumba huweza kuinuliwa kidogo.

Shida yetu ni hizi. Jeki inahitaji nyumba nzito ya kuegemea: nyumba ya kawaida yenye mabati itainuka yenyewe kabla bomba halijafika mbali. Parafujo hukwama kwenye mawe, na udongo wetu wa mteremko una mawe yaliyofichika. Bano linaloshika msingi linataka betoni imara, wakati misingi yetu mingi ni moelo. Tena vyuma vyembamba hubeba mzigo wa kwenda chini, haviwezi kusimamisha mteremko unaosukuma kwa ubavu. Bado kuna suala la mashine na anayeijua. Mashimo ya betoni yanahitaji koleo, simenti na nidhamu, na hivyo tunavyo.

Nyufa zitafungika? Nyumba itarudi kama zamani?

Hapana. Betoni chini ya msingi husimamisha mwendo tu. Sakafu iliyoinama itabaki imeinama, mlango utarandwa, ufa utazibwa. Anayekuahidi kuinua nyumba ya matofali ya kuchoma kwa sentimita 5 bila kuivunja, mwambie akuonyeshe aliyowahi kuinua.

Yangu ni ya mbao.

Basi una bahati. Nyumba ya mbao inainuliwa kwa krike, yaani jeki, ya lori, kona kwa kona, milimita chache kila mara, ikiegemezwa kwenye magogo imara. Vijiwe vya chini vinabadilishwa kwa nguzo fupi za betoni zilizochimbwa mpaka udongo mgumu, kisha nyumba inashushwa juu yake. Siku mbili au tatu. Angalia tu mbao za chini kama hazijaoza.

Naweza kuongeza msingi upande mbovu peke yake?

Unaweza, na mara nyingi ndivyo pesa inavyoruhusu. Lakini fahamu kwamba umetengeneza nyumba yenye mguu mmoja mgumu na mwingine wa zamani, na ufa mpya unaweza kutokea pale zinapokutana. Tunachofanya ni kupunguza kina ngazi kwa ngazi: kipande cha mwisho kabla ya upande mzima hakiendi mita 2 chini kikaishia ghafla. Cha 7 mita 2, cha 8 mita 1.5, cha 9 mita 1, mradi kila kimoja kimekaa juu ya udongo unaobeba. Panapokuwa na udongo wa asili upande wa mlima, upande ule uachwe kabisa.

Tunaweza kuendelea kulala ndani?

Ndiyo, lakini si katika vyumba vinavyogusa ukuta unaochimbwa, na si usiku ambao shimo liko wazi bila betoni. Mashimo yafunikwe kwa mbao jioni. Watoto wa avenyi nzima, yaani mtaa wote, watakuja kutazama.

Ni wakati gani wa mwaka unaofaa?

Juni, Julai, Agosti. Tukilazimika kufanya kazi wakati wa mvua, tunafungua shimo moja moja, tunajenga kibanda cha mabati au turubai juu yake, na mtaro wa muda upande wa juu. Gutiere na mitaro, hizo weka hata leo, usingoje kiangazi.

Jirani wa chini anakata mlima ili ajenge, na ukuta wangu umeanza kupasuka.

Nenda ukaongee naye leo, kwa heshima, kabla hasira haijaingia. Mara nyingi hajui. Udongo anaouondoa ndio ulioshika msingi wako kwa ubavu. Mwombe asimamishe kazi, afanye ule mkato vipande kwa vipande, na ajenge ukuta wa kushika udongo wenye matundu ya kutolea maji kabla ya kukata kingine. Piga picha zenye tarehe. Asiposikia, mwite chefu wa avenyi, kisha ofisi ya mji inayohusika na ujenzi. Ikiwa amekwisha kukata wima, mita 3 juu, na mvua iko njiani, hata shimo letu halichimbwi pale, maana tungefungua ardhi pande mbili. Kwanza ukuta wa kushika udongo.

Ndugu yangu yuko Goma. Haya yanamhusu?

Kidogo. Sehemu kubwa ya Goma imekaa juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo, na mwaka 2002 na 2021 iliongezeka nyingine. Lava haijibani kama remble yetu. Aangalie mapango na nafasi zilizofichika chini ya gamba la mawe, na remble zilizowekwa juu ya lava kusawazisha parseli.

Kazi imeisha. Lini tunaziba nyufa?

Watu hupenda kutukumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, ila ufa wa nyumba inayoshuka unazibwa chini, kwenye msingi. Huo wa ukutani ngojea. Bandika vioo vipya siku tunayoondoka, uandike tarehe, na uache mvua za msimu mmoja zipite. Vioo vikibaki vizima mpaka Mei, toa matofali yaliyopasuka, weka mazima mahali pake, chokonoa viungo na ujaze simenti, kisha piga plasta. Kioo kimoja kikipasuka, tupigie simu kabla hujanunua rangi. Tutakuja na lile bomba la maji.